Simu ya mtoto na kazi yake ya masomo

Tunalipa minervali, tunanunua mega, tunamwona mtoto ameinamia simu hadi usiku. Tunasema: anasoma. Je, ni kweli?

Kijana wa mmoja wetu hapa Likasi aliandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya vita vya Jadotville, jina la zamani la mji wetu. Septemba 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa na jeshi la Katanga. Walipigana siku kadhaa, wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Kijana alichukua picha kutoka video iliyozunguka WhatsApp, akaandika kuwa ni za siku zile. Mwalimu akamrudishia kazi: zilikuwa za filamu ya 2016, iliyopigwa Afrika Kusini! Ikabidi aanze upya, na mama atafute tena pesa.

Simu si adui. Kwa WhatsApp wanafunzi wanagawana vitabu ambavyo hawawezi kununua. Lakini habari ikipita kutoka simu hadi simu, jina la mwandishi na tarehe hubaki njiani.

Hata mama asiyefika chuo anaweza kuuliza jioni hii: Nani aliandika? Mwaka gani? Umeiona wapi pengine? Umemuuliza mzee gani? Sokoni hatununui unga bila kuushika mkononi. Tuwafundishe watoto wetu vilevile.