Meneja Mkali ama Kapu Lote la Soko? Risto ya Doo ya Masee wa Mboko

Mboko, kule Fizi, Congo, ukibonga kuhusu kuweka doo, watu wanawaza AVEC (kikundi cha kuweka na kukopeshana), mbuzi ama boti ya ndakala. Soko la hisa? Congo nzima haina. So hizi rieng za mifuko ya uwekezaji zinafikanga huko kwa voisi ya WhatsApp, kutoka kwa wale wetu wa Fizi walivuka ziwa juu ya vita ya 1996, wakaingia Nyarugusu kule Kigoma, alafu miaka mob baadaye ndege ikawashusha Kentucky ama Texas.

Huko majuu msee akishika kazi ya gudauni ama ya kukata nyama, kampuni inaweza kumfungulia akaunti ya kustaafu, ile inaitwa 401(k). Kila mshahara kakitu kanakatwa, na kampuni zingine zinaongeza yao juu. Alafu anatupiwa listi ndefu ya mifuko, achague. Hapo ndo simu yangu huku Kayole, Nairobi, inaanza kulia: "Yaya, banasema tuchague mufuko. Ule wa jina kubwa ao ule wa ada kidogo?"

Ule wa ada kidogo. Sasa wacha nikuchanue kwa nini.

Mfuko wa meneja uko na mabuda wa suti wanasoma mahesabu ya makampuni, wananunua hii, wanauza ile, wakijaribu kupiga soko. Mshahara wao unatoka kwa doo yako, wakishinda ama wakichapwa. Mfuko wa indeksi hauna hizo mbio. Unabeba kila kampuni iko kwa listi, kama zile kubwa karibu 500 za Marekani kwa S&P 500, kila moja kulingana na saizi yake, alafu unatulia. Mfuko mmoja wa Vanguard wa hiyo listi unakata 0.04% kwa mwaka. Wa meneja unaweza kukata 1% ama hata zaidi.

Najua, asilimia moja ama mbili inakaa ka chenji ya boda. Lakini piga hesabu na dola, si hata Mboko bei kubwa zinatajwa kwa dola. Weka 1,000, soko lilete 7% kila mwaka, uiwache miaka 30. Ukikatwa 0.1%, unapata kama 7,400. Ukikatwa 2%, unapata kama 4,300. Thao tatu na kitu zimeenda kwa wasee wenye hawakuweka hata franka yao mezani.

"Lakini si meneja ako na akili kutuliko?" Pengine. Shida ni ati anauziana na mameneja wengine wenye akili. Buda mmoja anaitwa William Sharpe, profesa wa Marekani mwenye Nobel, aliifunga hii stori 1991 bila hesabu ngumu: mameneja wote ukiwaweka pamoja wanabeba soko lenyewe, so kabla ya ada wanapata kile soko linapata. Toa ada, kwa wastani wamebaki nyuma. Hakuna mahali pengine ganji ingetoka.

Warren Buffett, yule tajiri wa uwekezaji wa Marekani, aliweka doo mezani juu ya hii kitu. Kuanzia 2008 mpaka 2017 alibeti mfuko wa indeksi wa S&P 500 dhidi ya mifuko mitano ya mameneja wa bei kali, wenye walichaguliwa na kampuni ya Protégé Partners. Indeksi ilileta kama 8.5% kwa mwaka. Ile mitano kwa wastani ikaleta kama 3%. Na hiyo miaka ilianza na mporomoko wa 2008, mahali mameneja walifaa kung'ara. John Bogle wa Vanguard naye alipofungua mfuko kama huo kwa watu wa kawaida 1976, alitarajiwa kukusanya dola milioni 150, akapata kama 11. Watu wakaiita ufala wa Bogle.

Sasa hapa Nairobi usinikoti vibaya. Wasee wengi wamesoma hizo risto za Marekani, wanataka kuzibandika kwa NSE, soko la hisa la Nairobi, vile ziko. Manze, cheki ndani ya kapu kwanza. Agosti 2021 Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Hisa ilikuwa juu ya bob 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Indeksi ya aina hiyo ni kampuni moja ya simu na marafiki zake. Ilirudi kupanda baadaye, sawa, lakini kama ulikuwa unadhani umetawanya risk, ulikuwa umeshikwa.

Kitu moja inanichekesha: kwa hilo kapu la Nairobi, Congo iko ndani. Benki ya Equity ndo mwenye EquityBCDC ya Congo, na KCB ilinunua 85% ya TMB, benki ingine ya huko, mwisho wa 2022. Msee wa Fizi hawezi kununua hisa Bukavu, lakini benki anayoona huko inalipa wenye hisa wa huku.

Na wale wako Mboko kabisa? Mimi siwezi kuwadanganya waache AVEC. Kasha la kufuli tatu, mnanunua sehemu, mnakopeshana, mwisho wa mzunguko mnagawana. Riba inarudi kwa majirani wenyewe, hakuna buda wa suti. Noma yake ni ati kasha linakaa kijijini, na Fizi watu wanajua maana ya kukimbia usiku. Kama kuna ndugu Kentucky, doo ya familia ya miaka mingi ikae kwake, ile ya ada ya shule na dawa ikae karibu.

Na huyo wa Kentucky akumbuke 401(k) ukiitoboa kabla ya miaka 59 na nusu, kawaida unalipa kodi na faini ya 10% juu. So kabla hajajaza hiyo fomu, aweke pembeni kwanza ile anatumia mathee kila mwezi. Alafu ashuke na ile listi, atafute neno "Index", asome namba iko kando ya "Expense Ratio", achukue ile ndogo. Jina kubwa alilenge.