Kamera ya Kwanza ya Mpiga Mbizi (Sehemu ya Pili): Nuru Kabla ya Megapikseli

Mwaka 1893 mwanabiolojia Mfaransa Louis Boutan alianza kushuka na kamera katika maji ya Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Alivaa helmeti nzito ya wapiga mbizi wa zama zile, na kamera yake ilikaa ndani ya sanduku lisiloingiza maji, lililobuniwa kwa msaada wa ndugu yake Auguste, aliyekuwa mhandisi. Nuru huko chini ilikuwa haba hata picha moja iliweza kuchukua nusu saa. Ikambidi atengeneze nuru yake mwenyewe: magnesi iliyowaka ndani ya chombo cha kioo, juu ya pipa lililojaa hewa.

Boutan alipambana na maadui watatu: maji yanayopenya, shinikizo linaloponda, na giza. Anayenunua kamera yake ya kwanza leo, baada ya kupata cheti Nungwi, Diani au Mafia, anakutana na haohao. Wawili wa mwanzo wameshughulikiwa na viwanda. Wa tatu ameachiwa mnunuzi mwenyewe, na ndiye anayesahaulika. Dukani huulizwa ina megapikseli ngapi, na video yake ni 4K au zaidi. Ni wachache wanaouliza picha itapata wapi nuru.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi ya kuelea bila kupanda wala kuzama. Hii ya pili ni ya mfuko: fedha iende wapi, na kwa sababu gani.

Maji yanavyokula rangi

Maji hunyonya nuru, tena kwa kuchagua. Rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Kwenye mita 5 hivi sehemu kubwa yake imekwisha. Ya machungwa hufuata, kisha njano, hata zikabaki kijani na buluu. Mpiga mbizi akijikwaruza kidole kwenye mita 20, damu inayomtoka huonekana ya kijani au nyeusi. Macho na ubongo hujirekebisha kidogo, ndiyo maana mtu huapa kwamba aliona mwamba wenye rangi tele. Kamera huandika kile ilichopokea tu, na aliyeapa hurudi ufukweni na picha za buluu tupu.

Wengi hudhani kinachohesabika ni kina peke yake. Nuru husafiri kutoka juu hadi kwa samaki, kisha kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Chewa aliye mita 10 chini, akipigwa picha kutoka umbali wa mita 3, ametazamwa kupitia mita 13 za maji. Mpigaji akisogea hadi nusu mita, amerudisha karibu mita mbili na nusu za rangi bila kutoa hata shilingi.

Maji pia hupinda nuru inapoingia kwenye kioo cha miwani. Kitu huonekana kikubwa kwa theluthi moja hivi, na karibu kwa robo. Mgeni huona kasa yuko mkononi kumbe bado yuko mbali, akabonyeza mapema. Kioo bapa mbele ya kamera nacho hubana upana wa lenzi, na hapo ndipo watengenezaji walipobuni vioo vya umbo la kuba vinavyourudisha upana huo.

Kuna na chembechembe. Maji yanayozunguka Mafia yako mkabala na delta ya Mto Rufiji, na yana rutuba ya viumbe wadogo wanaowavuta papa potwe. Kwa mpiga picha rutuba hiyo ni mtihani. Flashi iliyo ubavuni mwa lenzi huangaza kila chembe iliyo mbele yake na kuirudisha machoni pa kamera, kama taa za gari zinavyogonga vumbi usiku kwenye barabara ya changarawe. Picha hujaa vitone vyeupe. Dawa zake ni mbili: taa ikae pembeni, mbali na lenzi, kwenye mkono wake maalumu, na mpigaji asogee, maji yaliyo katikati yapungue.

Mwaka 1926 katika visiwa vya Dry Tortugas, Florida, William Longley na Charles Martin walipata picha za kwanza za rangi kutoka chini ya maji kwa kulipua unga wa magnesi juu ya chelezo. Ni kazi iliyokuwa na hatari ya kweli ya kuungua. Siku hizi taa ya kuchaji hutosha mfukoni, lakini wanunuzi wengi bado huiweka mwisho wa orodha.

Kina kilichoandikwa kwenye boksi

Kila mita 10 za maji ya chumvi huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Kwenye mita 18, ambayo ndiyo mipaka ya cheti cha mwanzo cha PADI, shinikizo linakaribia mara tatu ya lile la ufukweni. Kwenye mita 30, mipaka ya cheti kinachofuata, ni mara nne.

Kwa hiyo maneno “haiingii maji” hayatoshi. Namba ndiyo ya kusomwa. GoPro HERO12 ikiwa tupu inavumilia mita 10, maana yake mwanafunzi wa cheti cha kwanza anaweza kuiua katika mbizi halali kabisa. Ikivishwa kasha lake la kuzamia inafika mita 60. OM System TG-7 ikiwa tupu inakwenda mita 15, ambazo nazo ni pungufu ya 18. Kasha lake linaishusha hadi 45. Simu za iPhone za miaka ya karibuni zimepimwa kwa mita 6 kwa muda wa dakika 30, tena katika maji matulivu ya maabara. Hiyo ni kinga dhidi ya kuanguka kwenye ndoo, haihusiani na kuzamia.

Kamera isiyohitaji kasha kabisa si wazo jipya. Mbelgiji Jean de Wouters aliibuni Calypso kwa ajili ya Jacques Cousteau, ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 Nikon wakaanza kuiuza kwa jina la Nikonos, na ukoo huo ukadumu hadi 2001. Mrithi wa wazo hilo kwa wanaoanza ni SeaLife Micro 3.0, iliyozibwa kiwandani moja kwa moja, yenye kumbukumbu ya ndani na kina cha mita 60. Haina mlango wa kufungua, basi haina mlango wa kusahau wazi. Kasoro yake ni hiyohiyo: betri haibadilishwi boti ikiwa katikati ya mbizi mbili.

Kumfuata papa potwe au konokono

Swali la kwanza la mnunuzi lingekuwa: anataka kupiga nini?

Mtu anayeota papa potwe wa Mafia, wanaoonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, anahitaji lenzi pana na mkono mwepesi. Mnyama huyo ni mkubwa, huogelea karibu na uso, na jua huwa linatosha. Flashi hapo ni usumbufu kwake. Kamera ndogo ya matukio kama GoPro imezaliwa kwa kazi hiyo. Hupiga video nzuri, huwashwa kwa kitufe kimoja, na mwenye kuishika hubaki na nafasi ya kutazama kipimo chake cha hewa. Kwa kina cha kati, kichujio chekundu mbele ya lenzi hurejesha sehemu ya rangi, mradi bado ipo nyekundu kidogo ya kurejesha. Kikishushwa chini sana hutia giza tu, na taa ikiwashwa ni lazima kitolewe.

Kamera hiyohiyo ikielekezwa kwa konokono bahari asiye na gamba, mwenye urefu wa ukucha, juu ya mwamba wa Mnemba, hushindwa. Lenzi yake hailengi vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 30 hivi, na kwa umbali huo konokono anakuwa nukta. TG-7 inaweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 tu mbele ya lenzi. Hapa ndipo hesabu za dukani zinapovunjika: HERO12 ina megapikseli 27, TG-7 ina 12, na kwa konokono huyo 12 zinazishinda 27 bila ubishi. TG-7 huhifadhi pia faili ghafi, ambazo humwachia mpigaji nafasi ya kurekebisha rangi nyumbani kwenye kompyuta.

Zote mbili ziliingia sokoni 2023, HERO12 kwa takriban dola 400 za Marekani na TG-7 kwa 550, na bei hizo hazikujumuisha kasha. Mnunuzi asiyejua bado atapenda nini, na wengi ndivyo walivyo, atafanya vizuri kuchukua kompakti ya namna ya TG. Humpa wadogo na wakubwa, picha na video, na huongezewa lenzi na taa kadiri anavyojifunza.

Njia ya tatu ni simu ndani ya kasha. Kasha la SportDiver la SeaLife, kwa mfano, hufika mita 40, lina king’ora cha unyevu na kipimo cha kuhakikisha kwamba hakuna mahali panapovuja. Kamera za simu za siku hizi ni nzuri, na asiye na bajeti ya mashine mpya hapo anaokoa fedha. Ila asisahau kwamba anashusha baharini M-Pesa yake, namba za ndugu zake na tiketi ya kurudia nyumbani.

Kamera kubwa za lenzi za kubadilisha zisubiri. Kasha lake mara nyingi huzidi bei ya kamera yenyewe, na uzito wake humvuruga asiyejua bado kuelea.

Kugawa fedha

Mwenye dola 900 hushawishika kununua mwili wa kamera wa dola 850 na kubakiza chenji ya kadi ya kumbukumbu. Mgawanyo wenye tija ni kuweka theluthi moja hivi kando kwa ajili ya nuru. Anayependa video anunue taa mbili za kuwaka mfululizo, zenye mwanga mpana usio na doa kali katikati. Tochi ya kawaida ya usiku ina doa hilo na huunguza uso wa samaki kwenye picha. Anayependa picha za kutulia anunue flashi ya nje, maana humulika kwa nguvu zaidi kwa sehemu ndogo ya sekunde na kugandisha mwendo. Hata flashi nzuri hurejesha rangi kwa umbali wa mita moja au moja na nusu tu. Taa hainunui ruhusa ya kukaa mbali.

Kamera zenyewe hupatikana Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Kinachosumbua ni vipuri: oringi, ile pete ya mpira inayoziba kasha, ya modeli fulani kwa kawaida huagizwa. Busara ni kununua oringi ya akiba na grisi yake ya silikoni pamoja na kasha. Anayenunua ya mkononi akague mfereji wa oringi kama una mikwaruzo, na mlango wa betri kama una kutu ya kijani.

Mwamba nao una hesabu

Watafiti Nola Barker na Callum Roberts waliwafuatilia wapiga mbizi 353 katika kisiwa cha Saint Lucia, Karibi, na matokeo yao yakachapishwa 2004. Waliobeba kamera waligusa mwamba kwa wastani wa mara 0.4 kwa dakika. Wasiobeba, mara 0.1. Katika mbizi ya dakika 50 hiyo ni miguso 20 dhidi ya 5. Maelezo mafupi yaliyotolewa kabla ya kuzama hayakupunguza miguso hiyo. Ilipungua pale kiongozi alipoingilia kati hukohuko chini.

Takwimu hizo zina la kusema kuhusu ununuzi. Kamera ya kwanza iwe ile inayoendeshwa kwa mkono mmoja, yenye kamba ya kuifunga kwenye jaketi la kuelea, ili mikono miwili iwe huru hewa ikihitajika kushughulikiwa. Anayeshindwa bado kukaa mahali pamoja kwa dakika mbili bila kupiga mateke aahirishe ununuzi. Matumbawe anayoyaponda huchukua miaka kurudi. Viongozi wengi wa mbizi hukataa kamera katika mbizi za mafunzo, na wana haki, kwa sababu anayetazama kioo hatazami kipimo.

Siku ya kwanza baharini

Kasha jipya lishuke kwanza bila kamera, likiwa na karatasi laini ndani itakayoonyesha tone lolote. Lifungwe chumbani pakavu, kabla ya safari. Ndani ya boti kuna mikono yenye chumvi na upepo wa kusi, na unywele mmoja juu ya oringi unatosha kufungulia bahari. Vifuko vya kunyonya unyevu huzuia ukungu kwenye kioo. Maji yakionekana ndani ya kasha, mwenye nalo aligeuze lenzi itazame chini, kisha apande kwa mwendo wake wa kawaida na kusimama mita 5 kwa dakika 3 kama alivyofundishwa. Kamera hununuliwa tena. Baada ya mbizi, kasha lilowekwe kwenye maji baridi nusu saa huku vitufe vikibonyezwa, chumvi isije ikaganda chini yake.

Sehemu ya tatu itaanzia ndani ya maji: kulinganisha rangi nyeupe kwa kutumia mchanga wa chini, pembe za kuweka taa, na kwa nini samaki apigwe kutoka chini kwenda juu. Atakayekuwa amenunua kufikia wiki ijayo aje nayo ikiwa imechajiwa.