Anakula Nini Huko Penang?

Mtoto akisafiri kwenda ng'ambo, mama huuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: Je, amefika salama? Na anakula nini? Siku hizi vijana wa Afrika Mashariki huenda Malaysia kusoma, na kisiwa cha Penang kina chuo kikuu kinachojulikana sana, Universiti Sains Malaysia, kilichoanzishwa mwaka 1969. Wapo pia wanaokwenda kwa biashara, na wanaomsindikiza mgonjwa hospitalini. Basi tumeona vema kuwaeleza akina mama wenzetu juu ya vyakula vya asili vya George Town, mji mkuu wa Penang: vipi vionjwe kwanza, vimetokana na nini, na mtu avile namna gani bila kujidhuru.

Kwanza tuwatoe hofu. Mama wa Tanga, Mombasa au Pemba akifunuliwa sufuria za Penang, atatambua karibu kila kilichomo: mchele, nazi, dagaa, ukwaju, mchaichai, pilipili. Hata jani la mgomba atalikuta. Kinachotofautiana ni namna wenzetu wanavyovikutanisha.

MJI WA WATU WALIOTOKA MBALI

Penang ni kisiwa kilichoko kaskazini-magharibi mwa rasi ya Malaysia. Mwaka 1786 Mwingereza Francis Light, wa Kampuni ya Mashariki ya India, alifungua bandari huko, na mji ukaitwa George Town kwa heshima ya Mfalme George wa Tatu. Watu wakamiminika: Wachina kutoka kusini mwa China, Watamil kutoka India ya Kusini, Waarabu, na watu wa Sumatra, wakachanganyika na Wamalay. Hata leo, kwa mwendo mfupi wa miguu, utapita Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu George lililokamilika mwaka 1818, hekalu la Wachina, hekalu la Wahindu, na Msikiti wa Kapitan Keling. Mwaka 2008 UNESCO iliuandika mji huo, pamoja na Melaka, katika orodha ya urithi wa dunia.

Wengi wa wageni wale wa zamani walikuwa wanaume waliokuja bila wake zao. Walishinda wakipakua meli na kubeba mizigo, na walihitaji chakula cha bei nafuu chenye kushibisha. Hivyo wakatokea wauzaji wa chakula cha barabarani. Kazi yao ilikuwa ile ile ya mama ntilie wetu, ila wengi wao walikuwa wanaume. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

WALI WA NAZI WA ASUBUHI

Chakula cha kuanza nacho ni nasi lemak. Kwa Kimalay "nasi" ni wali, na "lemak" ni unono. Ni wali uliopikwa kwa tui pamoja na jani la pandani, ambalo mmea wake ni wa jamaa moja na mkadi wetu wa pwani. Wali huo huwekewa dagaa wa kukaanga wakavu, karanga, vipande vya tango, yai, na sambal. Sambal ni pilipili iliyosagwa pamoja na vitunguu na belacan, yaani uduvi uliovundikwa na kukaushwa. Mara nyingi chakula chote hufungwa katika jani la mgomba, kifurushi cha kutosha kiganja. Dagaa wadogo huliwa na mifupa yao, nayo huupa mwili madini ya kujenga mifupa na meno.

Asubuhi hiyo hiyo utaona roti canai. Unga wa ngano hukandwa kwa mafuta, hutandazwa kwa kurushwa hewani hadi uwe mwembamba kama kitambaa, kisha hukunjwa na kuchomwa. Ni ndugu wa chapati zetu, na huliwa kwa mchuzi wa dengu. Kinywaji chake ni teh tarik, "chai ya kuvuta", inayomiminwa toka kikombe kimoja hadi kingine ili itoe povu. Desemba 2024 UNESCO iliutambua utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia, kwa jinsi unavyowakalisha pamoja watu wa makabila na dini mbalimbali.

MZEGAZEGA WA WALI

Mchana, watu hupanga foleni kungojea nasi kandar. Kandar ni kubeba mizigo kwa mti begani, huku na huku. Wazee wetu waliuita mzegazega. Wahindi Waislamu walizunguka bandarini wakiwa na mzegazega, upande mmoja wali, upande wa pili michuzi. Siku hizi wana mikahawa, lakini jina limebaki. Mteja huchagua samaki, kuku, mbuzi, bamia au kabichi, na mpakuaji humwagia wali michuzi mbalimbali mpaka ichanganyike.

VIBUA NA UKWAJU

Chakula kinachoutambulisha mji huu kuliko vyote ni asam laksa. Mama, usiogope jina. Asam ni uchachu, na uchachu wenyewe hutokana na ukwaju. Samaki wake ni wa jamii ya vibua wetu, wanaochemshwa na kuchambuliwa miiba, kisha wakarudishwa katika mchuzi wenye mchaichai, pilipili, na ua la mmea wa jamii ya tangawizi. Mchuzi humiminwa juu ya tambi nene za mchele, ukanyunyiziwa tango, nanasi, kitunguu na nanaa, pamoja na kijiko cha rojo nyeusi ya kamba. Hakuna tui ndani yake. Mtu aliyechoka kwa joto na asiye na hamu ya kula huamshwa na mchuzi huu.

Cha nne ni char kway teow: tambi bapa za mchele zinazokaangwa katika karai juu ya moto mkali, pamoja na kamba, yai, choroko zilizochipuzwa na chaza wadogo. Kilikuwa chakula cha vibarua, na kwa desturi ya Wachina hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Ni kitamu, lakini ni kizito.

MAPISHI YA NDOA ZA WAGENI

Katika vyakula vya Penang, vinavyotugusa zaidi sisi wanawake ni vya Nyonya. Zamani wafanyabiashara wa Kichina walioa wanawake wa nchi hizo, na uzao wao ukaitwa Peranakan. Mwanamume huitwa Baba, na mwanamke Nyonya. Wake hao walichukua viungo vya kwao wakavitia katika vyakula vya waume zao, na kutokana na kinu cha mawe na mchi vikazaliwa vyakula ambavyo havikuwahi kuwako China wala kwa Wamalay. Husimuliwa kwamba mama mkwe aliweza kumpima binti kwa kusikiliza mlio wa mchi wake, kabla hajamwona uso!

Jaribu otak-otak yao: mnofu wa samaki uliokorogwa kwa tui, mayai na viungo, ukafungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. "Otak" maana yake ni ubongo, kwa ajili ya ulaini wake. Mgonjwa anayepata nafuu, au mtoto anayeanza kula vyakula vya wakubwa, anaweza kulishwa chakula cha namna hii, pilipili ikiachwa.

Baada ya chakula kuna cendol, barafu iliyoparuzwa yenye tui, maharage mekundu, vijitambi vya kijani vya unga wa mchele, na sukari guru inayotokana na maji matamu yanayogemwa katika mnazi. Kipo pia kinywaji cha kungumanga. Waingereza walileta miche yake Penang kutoka visiwa vya Maluku zaidi ya miaka 200 iliyopita. Unguja tunaithamini kungumanga kwa kokwa yake. Penang hata nyama ya tunda hutengenezwa kinywaji na achari.

KAZI IMEPUNGUA, SAHANI HAIKUPUNGUA

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hatuwezi kusifu tu tukanyamaza. Uchunguzi wa afya uliofanywa na serikali ya Malaysia mwaka 2023 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 ana kisukari, na zaidi ya nusu ya watu wazima wana uzito uliozidi. Tangu Julai 2019 nchi hiyo hutoza kodi vinywaji vya viwandani vilivyotiwa sukari nyingi.

Nazi haina kosa peke yake. Chakula kilichomfaa mpagazi aliyebeba magunia kutwa nzima sasa kinaliwa na mtu anayeketi mbele ya kompyuta toka asubuhi hadi jioni, na tena huteremshia kwa chai ya maziwa matamu ya kopo. Je, si yayo hayo tunayoyaona katika kliniki zetu? Wali wa nazi wa bibi aliyelima na kutwanga sasa unaliwa na mjukuu anayepanda daladala hata kwa mwendo wa robo saa.

Kwa hiyo mwanao anayekwenda huko mfundishe haya:

Aagize kinywaji kwa kusema "kurang manis", yaani sukari kidogo. Akitaka chai kavu isiyo na sukari wala maziwa, aseme "teh o kosong".

Vyakula vya tui na vya kukaanga avigawe katika juma, asivile kila siku asubuhi na usiku. Siku nyingine ale asam laksa, samaki na mboga. Mwenye shinikizo la damu aache ile rojo nyeusi ya kamba, kwa maana ina chumvi nyingi.

Chaza wasioiva vizuri wanaweza kuleta homa ya ini ya aina ya A na homa ya matumbo. Mama mjamzito asiwale kabisa. Aombe sahani yake ikaangwe bila hao.

Mwenye mzio wa karanga au kamba aulize kwanza, kwa kuwa uduvi hujificha ndani ya sambal. Karanga ni "kacang", kamba ni "udang".

Achague kibanda chenye wateja wengi, ambapo chakula kinatoka motoni. Akishikwa na kuharisha, anywe maji yenye chumvi za kuongeza maji mwilini, na akiona damu au homa kali aende hospitali bila kungoja.

ADABU YA MEZANI

Malaysia ni nchi yenye Waislamu wengi. Wakristo wako, lakini ni wachache. Mwanao atakaa meza moja na Mwislamu asiyekula nguruwe, na Mhindu asiyekula ng'ombe. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya barua kwa Warumi, alionya tusiifanye sahani kuwa kikwazo kwa mwenzetu. Kijana akimwalika rafiki Mwislamu, atafute mahali penye chakula halali, wala asione kwamba anajidhili. Na akila kwa mkono, atumie wa kulia, kama alivyofundishwa nyumbani.

JARIBU NYUMBANI

Wali huu unawatosha watu 6.

Vipimo: mchele vikombe 3, tui jepesi vikombe 3 na nusu, tui zito kikombe 1, shina 1 la mchaichai lililopondwa (badala ya pandani), kipande cha tangawizi, chumvi kijiko 1 cha chai. Sambal: pilipili kavu 6 zilizorowekwa, vitunguu maji 3, punje 3 za saumu, uduvi mkavu kijiko 1 cha mezani, maji ya ukwaju vijiko 2, mafuta vijiko 3, sukari na chumvi kidogo. Pembeni: dagaa wa kukaanga, karanga, matango, na yai la kuchemsha kwa kila mtu.

Namna ya kupika: Osha mchele. Bandika tui jepesi pamoja na mchaichai, tangawizi na chumvi. Likichemka tia mchele. Maji yakikaribia kukauka mimina tui zito, geuza mara moja, funika na upalie moto mdogo. Twanga pilipili, vitunguu, saumu na uduvi. Kaanga kwa moto wa wastani ukikoroga hadi mafuta yapande juu, ndipo utie ukwaju, sukari na chumvi. Pakua wali kiasi cha ngumi moja, na matango kwa wingi. Watoto wawekee sambal pembeni.

MPIKAJI WA KESHO

Tangu mwaka 2016 serikali ya Penang imekataza wafanyakazi wa kigeni kuwa wapishi wa vyakula maarufu vya asili katika vibanda vya mji, ili ladha isipotee. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini sheria haiwezi kumwambia kijana tui litiwe lini, wala pilipili ikaangwe hadi wapi. Hayo hufundishwa na mtu aliyesimama karibu naye jikoni.

Basi, mama, kabla hujafunga sanduku la mwanao, wa kiume au wa kike, mwite jikoni majuma machache mfululizo. Akune nazi mwenyewe, achambue dagaa, apike wali ukawiva. Akifika ng'ambo, ataonja vya wenyeji kwa shukrani, na siku pesa zikipungua ataweza kujipikia. Tena atakuwa na kitu cha kuwaalikia majirani zake.