Kompyuta Inapolikana Jina (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliona jinsi lugha ya programu ya Python inavyohifadhi thamani chini ya jina, yaani kigeu. Leo tuutazame ujumbe unaowavunja moyo wanafunzi wengi: NameError. Tangu Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) ilipoidhinisha, mwaka 2022, mtaala wa kampuni ya Kodris Africa wa kuwafundisha wanafunzi kuandika programu, mzazi wa Malindi naye huenda akaitwa na mwanawe aje autazame ujumbe huo kwenye skrini. Ni vyema ajue unasema nini.

Tuchukue hesabu ya muuza samaki. Mstari wa kwanza: bei_nguru = 600. Wa pili: kilo = 4. Wa tatu: jumla = kilo * bei_ngulu. Ukiiendesha programu hiyo, maandishi yanamwagika, na aliyeshtuka huyasoma kuanzia juu. Anza chini. Habari yenyewe imo katika mstari wa mwisho: NameError: name 'bei_ngulu' is not defined. Mashine imelitafuta jina bei_ngulu kati ya yote iliyokwisha kupewa, isilione. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, Python huongeza swali la kukuuliza kama ulikusudia bei_nguru.

Sasa tugeuze. Tuseme mkono uliteleza mstari wa kwanza, ukaandika bei_ngulu = 600, na mstari wa tatu ukaandika bei_nguru kama ipasavyo. Mashine italalamikia mstari wa tatu vilevile, na itakupendekezea jina lile bovu! Haijui samaki, inajua majina tu. Kwa hiyo namba ya mstari inakuonyesha mahali programu ilipokwama. Kosa lenyewe huenda liko juu zaidi. Tafuta jina hilo lilipozaliwa, kisha ulinganishe herufi kwa herufi, kwa kuwa Bei na bei ni majina mawili mbali mbali.

Wengine husahau alama za kunukuu. Ukiandika print(Malindi), Python haioni mji, inaona kigeu kisichopata kupewa thamani. Andika print("Malindi").

Lakini lililo gumu zaidi ni jina linalozaliwa siku nyingine na siku nyingine halizaliwi. Muuza samaki wetu anataka kuwapunguzia wateja bei siku ya Ijumaa, hivyo anaandika: ikiwa siku ni "Ijumaa", punguzo = 50. Chini yake, nje ya sharti hilo, jumla inatolewa punguzo. Akiijaribu Ijumaa, programu inakwenda vizuri, naye anafurahi. Jumamosi inakatika: punguzo halijulikani. Hakuna herufi iliyokosewa. Sharti halikutimia, basi ule mstari wa kulipa jina thamani ukarukwa. Dawa ni kuweka punguzo = 0 kabla ya sharti. Kosa la namna hii hupita majaribio yote ya mwandishi na kumwangukia mtumiaji, ndiyo maana nasisitiza programu ijaribiwe katika hali zote mbili, sharti likitimia na lisipotimia.

Na tushukuru kwamba Python inasema, maana lugha za zamani zilinyamaza. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kwenda kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Enzi hizo lugha kuu ya wanasayansi ilikuwa Fortran ya IBM, iliyotoka mwaka 1957. Fortran haikudai jina litangazwe kwanza. Jina lililoanzia herufi I hadi N ilikuwa desturi kulihesabu kuwa la namba kamili, mengineyo ya namba zenye desimali. Ukikosea herufi moja, lugha iliunda kigeu kipya kimyakimya, hesabu ikaendelea na chochote kilichokuwamo kwenye kumbukumbu. Jibu lilitoka, tena la uongo. Amri ya IMPLICIT NONE, inayolazimisha kila jina litangazwe, iliingia katika kanuni rasmi kwa Fortran 90.

JavaScript ya vivinjari ina tabia hiyo ya kuunda majina kimyakimya mpaka leo: ukilisoma jina lisilokuwapo italalamika, lakini ukilipa thamani bila kulitangaza, italiunda bila neno. Anayeandika kurasa za tovuti aweke "use strict" juu kabisa ya faili, nayo itakataa.

Juma lijalo: majina yanayozaliwa ndani ya fankisheni na kufia humo humo.