Ziwa la Bandia ni Kiungo

Je, wajua kwamba ziwa la bandia linalovaliwa kifuani huweza kuwa la kulia au la kushoto, kama kiatu? Halikuanza hivyo. Mwaka 1874 Frederick Cox alipata hataza ya Marekani ya mfuko wa mpira uliojazwa hewa na kuvikwa kitambaa cha pamba, kitu cha kujazia gauni tu. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1970, Ruth Handler, yule aliyebuni mwanasesere Barbie, alikatwa ziwa kwa sababu ya saratani na hakuridhika na vifaa alivyovikuta madukani. Alimwendea Peyton Massey, fundi wa viungo bandia huko California, na kwenye kazi yao kikapatikana kifaa chenye silikoni, chenye uzito, kinachojua upande wake wa mwili. Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue. Ziwa la bandia la kisasa lilitoka kwenye benchi la fundi wa miguu na mikono, na nashikilia kwamba hapo ndipo mahali pake. Ni kiungo, sehemu ya tiba, na mgonjwa anastahili kuelezwa habari zake kabla kisu hakijamgusa.

Kama kuna mji Afrika Mashariki ambao hoja hii haipaswi kuwa ngeni kwake, ni Moshi, Tanzania. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1981 pembeni yake kikaanzishwa chuo cha TATCOT, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, na mwaka 2016 hospitali ikafungua kituo cha saratani. Kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda hapati hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba mguu wa bandia ni urembo. Anapimwa, anachukuliwa umbo kwa plasta, anarudi kurekebishiwa pale panapombana. Mama aliyekatwa ziwa anaambiwa amshukuru Mungu yuko hai. Ni kweli yuko hai, lakini naye kuna sehemu ya mwili imemtoka, na shukrani haizibi pengo hilo.

Tazama kifaa chenyewe. Silikoni asili yake ni mchanga, na ikigeuzwa kuwa ute mzito ina uzito unaokaribiana sana na wa nyama na mafuta ya ziwa. Ndiyo maana huning'inia na kutikisika kama ziwa, na baada ya muda hushika joto la mwili. Ute huo hufungwa ndani ya utando mwembamba, kisha kifaa huingizwa kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya sidiria. Hakivaliwi siku ya kwanza. Wiki za mwanzo, kidonda kikiwa bado kibichi, huvaliwa kifuko chepesi cha kitambaa au pamba. Cha silikoni husubiri wiki sita hadi nane. Ukanda wa sidiria uwe mpana, hasa kwa aliyeondolewa tezi za kwapani, kwa sababu mkono wa upande huo huwa rahisi kuvimba na ukanda mwembamba hukaba bega. Kuhusu uti wa mgongo niseme ukweli: tafiti hazikubaliani. Baadhi zimepima mabega yaliyopinda baada ya ziwa moja kuondolewa, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Kwa hiyo sitegemei hoja ya mgongo. Nategemea jambo dogo zaidi, kwamba mwanamke anayeshuka mteremko wa Marangu au Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani, kanga imefungwa kifuani, anahitaji nguo imkae na kifaa kisipande hadi shingoni kila ainamapo kukata majani ya ng'ombe.

Wapo watakaouliza: kwa nini ziwa likatwe lote? Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti, la Bernard Fisher Marekani na la Umberto Veronesi huko Milan, yalichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na waliotolewa uvimbe tu kisha wakapewa mionzi waliishi sawa na waliokatwa ziwa zima. Habari njema, lakini ina masharti mawili: uvimbe ugunduliwe mapema, na mionzi ipatikane. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro aliyehitaji mionzi alisafiri zaidi ya kilomita 500 hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wanawake wengi nchini hufika hospitali saratani ikiwa tayari hatua ya tatu au ya nne. Sababu za kuchelewa ni nyingi, zikiwemo nauli, waganga wa kienyeji na uvimbe usiouma. Hofu ya kukatwa nayo imo. Mwanamke anayeamini kwamba hospitali itamrudisha nyumbani akiwa nusu mtu atauficha uvimbe chini ya kanga mpaka utoe harufu. Ndiyo maana nasema kifaa kionyeshwe mapema, siku ile ile daktari anapotaja upasuaji, mgonjwa akishike, aone jinsi nguo itakavyomkaa. Sidai kwamba kitaondoa hofu yote. Nadai kwamba kuificha habari hii hakumsaidii yeyote.

Pingamizi zito ni la fedha. Mahali ambapo dawa za saratani zenyewe huuzisha watu mashamba, nani atalipia silikoni? Swali ni la haki, na jibu lake limeanza kufumwa nchini Kenya. Mjini Thika wanawake waliopitia ugonjwa huu hufuma maziwa ya bandia kwa uzi na kuyajaza nyuzi laini. Mwaka 2024 moja liliuzwa kwa takriban shilingi 1,500 za Kenya, wakati la silikoni lilikuwa karibu 22,000. La kufumwa ni jepesi, hufuliwa kwa sabuni, na kwenye joto la Himo au Kahe halimtoi mtu jasho kama silikoni. Kasoro yake ni huo wepesi, maana huelea juu, lakini kitu kidogo chenye uzito kikiwekwa upande wa chini hutulia. Moshi haijakosa mikono ya kufuma, wala mafundi cherehani wa kushona mfuko ndani ya sidiria ya mtumba iliyonunuliwa sokoni Kiboriloni. Kinachotakiwa ni mtu wa kuwaunganisha na wodi.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu lilitoka kwa mgonjwa mwenyewe. Mshairi wa Marekani Audre Lorde, aliyekatwa ziwa mwaka 1978, alikataa kabisa kuvaa la bandia. Katika kitabu chake The Cancer Journals cha mwaka 1980 anaeleza jinsi muuguzi alivyomwambia kwamba kwenda kliniki bila kulivaa kunawavunja moyo wengine. Lorde aliona kifaa kile kinatumika kuwaficha wanawake wasionane, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Nakubaliana naye kuhusu muuguzi yule. Kiungo kikigeuka sare ya lazima, kimeacha kuwa tiba. Ila Lorde alikataa kitu alichopewa. Mkononi alikuwa nacho. Bibi wa Rombo ambaye hajawahi kukiona hajakataa wala hajakubali. Anakunja kipande cha kanga ya zamani, anakiingiza kwenye sidiria, na kanisani anaketi mkono umekingwa kifuani kwa kuogopa kisianguke. Akishakabidhiwa cha kumtosha, cha upande wake, anaweza kukivaa Jumapili tu, au akakiweka kabatini na kutembea kifua kikiwa bapa, na wote wawili, daktari na mume, wakae kimya.