Wapewe Saa Yao ya Kiwanja

Pita mtaa wowote wa uswahilini saa kumi na moja jioni, utawakuta wasichana wa miaka minane au tisa wakicheza rede. Wawili wanarushiana mpira wa matambara, na wa katikati anaukwepa. Anainama, anaruka, anageukia mguu mmoja, na hapohapo anachota mchanga kujaza chupa kabla mpira haujarudi. Mwalimu wa michezo akitazama anaona wepesi, uwezo wa kubadili mwelekeo na jicho la kusoma mkono wa mrushaji, yaani mambo yaleyale tunayohangaika kuwafundisha wachezaji wa netiboli na soka. Sasa watafute dada zao wa miaka 14 katika mtaa huohuo. Kiwanjani wamejaa wavulana. Wasichana wa umri huo wako kisimani, jikoni, dukani au wamekaa barazani wakitazama.

Hali hii haipo kwetu tu. Mwaka 2019 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha takwimu za wanafunzi wapatao milioni 1.6, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, kutoka nchi 146. Walitaka kujua ni wangapi wanaoushughulisha mwili kwa angalau dakika 60 kwa siku. Wavulana 78 katika kila 100 hawakufikia kiwango hicho, na kwa wasichana walikuwa 85. Wavulana waliwazidi wasichana katika nchi zote isipokuwa nne: Tonga, Samoa, Afghanistan na Zambia. Zambia ni jirani yetu sisi Watanzania. Kama pengo hili lingekuwa la maumbile, lingeonekana kila mahali bila kuruka nchi.

Ndiyo maana nasema mabango na hotuba za kuwahamasisha wasichana wapende michezo havitoshi. Wengi wanaipenda tayari. Wanachokosa ni mambo manne yaliyo mikononi mwa watu wazima: elimu ya mwili unaobadilika, mavazi, saa ya kiwanja na uhakika wa usalama.

Mwili unapobadilika

Miaka ya kubalehe ndiyo miaka ambayo msichana anahitaji michezo kuliko wakati mwingine wowote. Akifikisha miaka 18 huwa ameshajenga takriban asilimia 90 ya mifupa atakayokuwa nayo maishani. Kukimbia, kuruka na kutua huilazimisha mifupa ijiimarishe. Hiyo ni akiba atakayoanza kuila akishakoma hedhi, na dirisha la kuiweka halifunguki mara ya pili.

Lakini ni miaka hiyohiyo mwili unapomletea aibu kiwanjani. Matiti hayana misuli ndani yake. Yanashikiliwa na ngozi na nyuzi nyembamba, hivyo msichana akikimbia bila sidiria inayobana vizuri huumia, na watazamaji humcheka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliwauliza wasichana wa shule zaidi ya 2,000, na karibu nusu yao walisema matiti yanaathiri ushiriki wao katika michezo. Huko ni nchi yenye maduka ya vifaa kila kona. Kwetu, timu huchangisha fedha za jezi na mpira, na hakuna anayethubutu kutaja sidiria. Mama mmoja akiwa kwenye kamati ya timu, jambo hilo humalizwa kwa safari moja ya sokoni kwenye mitumba.

Hedhi nayo si ugonjwa, wala haimzuii msichana kucheza. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia wengi kupunguza maumivu ya tumbo. Kinachowaondoa kiwanjani ni hofu ya kuchafuka mbele ya watu, na hofu hiyo haina cheo. Mwaka 2023 timu ya taifa ya wanawake ya England iliacha bukta nyeupe na kuvaa za bluu baada ya wachezaji kueleza wasiwasi wao kuhusu siku za hedhi. Ikiwa wachezaji wa kulipwa wanahofia hilo, msichana wa kidato cha kwanza afanyeje? Timu ya mtaa inunue bukta nyeusi, iweke pakiti ya pedi kwenye mfuko wa huduma ya kwanza, na ijue mapema ni nyumba gani jirani na kiwanja yenye choo ambacho mwenyewe yuko tayari kuwafungulia.

Kuna pia suala la damu. Msichana anayepoteza damu kila mwezi na kula ugali na mboga kidogo huweza kupungukiwa madini ya chuma. Dalili yake kiwanjani ni kuchoka mapema na kupumua kwa shida, na kocha asiyejua humwita mvivu. Huyo apelekwe zahanati apimwe damu. Nyumbani aongezewe dagaa, maharage na mboga za majani pamoja na chungwa au embe, na chai isinywewe pamoja na chakula kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Goti la msichana

Nyonga zikipanuka na kimo kikiongezeka, misuli ya nyuma ya paja mara nyingi haipati nguvu kwa kasi ileile. Msichana akiruka na kutua, magoti huingia ndani na kukaribiana. Akitua vibaya, kano iliyo katikati ya goti huweza kukatika hata kama hakuguswa na mtu. Jeraha hili huwapata wasichana mara mbili au zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo huohuo, na wengi hawarudi tena uwanjani.

Kinga yake ipo na haina gharama. Shirikisho la soka duniani, FIFA, lina utaratibu wa kupasha mwili joto wa mazoezi 15 unaochukua dakika 20. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17. Timu zilizofuata utaratibu huo zilipunguza hatari ya kuumia kwa karibu theluthi moja, na majeraha makubwa kwa karibu nusu.

Moja ya mazoezi hayo linahitaji watu wawili na kipande cha mkeka. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nyuma, naye anauinamisha mwili mbele polepole, mgongo umenyooka, akijizuia asianguke. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayobeba kazi yote. Baadaye wanafanya mazoezi ya kuruka na kutua, kocha amesimama mbele yao akitazama jambo moja tu: goti libaki usawa wa vidole vya mguu, lisiingie ndani. Kocha wa mchangani asiye na cheti chochote anaweza kuliona hilo kwa macho yake.

Saa, njia na kazi za nyumbani

Wanafunzi wengi wa sekondari za kutwa hutoka shule kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja usiku mwezi wowote wa mwaka. Katikati hapo ndipo penye saa mbili za kiwanja. Mvulana akifika nyumbani huweka begi na kutoka. Dada yake huweka begi na kushika ndoo, kisha jiko, kisha mtoto mdogo. Anapomaliza, giza limeingia na mzazi hawezi kumruhusu atoke, wala hakosei.

Nairobi walishalijua hili. Chama cha michezo ya vijana cha Mathare, kinachojulikana kama MYSA, kilianza mwaka 1987 kikiwa na wavulana, na timu zikajipatia pointi za ligi kwa kusafisha mazingira ya mtaa. Soka la wasichana liliingia mwaka 1992. Wasichana walikuja wakiwa na hamu. Vikwazo vilikuwa kazi za nyumbani na wasiwasi wa wazazi kuhusu kurudi usiku. Mambo hayo hutatuliwa na mtu anayekwenda kubisha hodi, kuketi na mzazi na kukubaliana naye: mazoezi siku gani, yanaisha saa ngapi, anarudi na nani, na nani atachota maji siku hiyo. Kaka yake anaweza kuyachota. Ndoo haichagui jinsia.

Kilifi, shirika la Moving the Goalposts lilianza mwaka 2001 na kwenda hatua moja mbele. Wasichana wenyewe hufundishwa kuwa makocha, waamuzi na watoa huduma ya kwanza, wanaendesha ligi zao, na hujadiliana afya ya uzazi wao kwa wao. Msichana asiye na kipaji cha kufunga mabao ana kazi ya kufanya, na kazi hiyo inampa sababu ya kurudi wiki ijayo.

Maneno ya watu

Wapo wazazi wanaoambiwa kwamba binti akicheza mpira atageuka jikedume, hatazaa, au ataharibika usichana wake. Hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba kukimbia au kucheza mpira kunaharibu kizazi. Mwanariadha wa Kenya, Faith Kipyegon, alijifungua binti mwaka 2018, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2021 na tena mwaka 2024. Usichana nao ni suala la heshima na mwenendo, na mpira hauuondoi.

Stara pia isifanywe kikwazo. Sheria za soka zimeruhusu hijabu tangu mwaka 2014, na mpira wa kikapu wa kimataifa tangu 2017. Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023 akiwa amejistiri kichwa, na timu yake ikaifunga Korea Kusini. Suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na hijabu iliyobana havimzuii mtu kufunga bao.

Pwani tuna kungwi, au somo, mwanamke mzima anayemwelekeza binti anapovunja ungo. Mtu huyo ana neno linalosikika ndani ya nyumba kuliko afisa michezo yeyote. Aalikwe kiwanjani, apewe kiti kivulini, aone mazoezi yanavyoendeshwa. Akiridhika yeye, akina mama kumi wataridhika.

Usalama kwanza

Mzazi anapouliza nani atakuwa na binti yake, anauliza swali la haki, na timu iwe na jibu la maandishi. Kila mazoezi yawe na mwanamke mzima. Kocha asimbebe mchezaji mmoja peke yake kwenye bodaboda wala asimwite nyumbani kwake. Ujumbe wa simu upitie kwenye kundi ambalo wazazi wamo. Wasichana waambiwe siku ya kwanza ni nani wa kumweleza wakiguswa au wakitongozwa, na mtu huyo asiwe kocha. Timu isiyoweza kuyatimiza haya isiwachukue kwanza, hata kama ina jezi nzuri.

Na wale waliokwisha kuwa mama wasisahauliwe. Tangu Novemba 2021 Tanzania imewaruhusu warudi shuleni baada ya kujifungua. Kiwanja cha mtaa nacho kiwapokee, daktari au mkunga akisharidhia.

Mtaa uanzie wapi

Mwaka 2022 Serengeti Girls, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, waliifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia nchini India na kufika robo fainali. Mwaka 2024 Junior Starlets wa Kenya waliifunga Mexico katika mashindano hayohayo. Vipaji vya namna hiyo viko mitaani, lakini si kila msichana anataka kuwa nyota, na wengi watacheza tu ili wawe na afya na marafiki. Kwa hao, netiboli inatosha kuanzia: wachezaji saba kila upande, mpira mmoja, na nguzo mbili zenye pete ambazo fundi wa kuchomea vyuma wa mtaani anazitengeneza. Siku nyingine warukie kamba au wakimbie. Waulizwe wanachotaka kabla ya kupangiwa.

Mwenyekiti wa mtaa, kikao kijacho kiwe na ajenda hii: Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, kiwanja ni cha wasichana, na ratiba ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Makocha wa wavulana, heshimuni saa hiyo kama mnavyotaka yenu iheshimiwe. Nanyi wazazi, siku mbili hizo ndoo ibebwe na mwingine, na binti aende mazoezini.