Kilo 160 sakafuni: jinsi plutoni inavyohesabiwa

Februari 2005 magazeti ya Uingereza yalibeba habari ya kutisha. Takwimu rasmi zilionyesha kwamba katika kituo cha nyuklia cha Sellafield, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, karibu kilo 30 za plutoni zilikuwamo vitabuni lakini hazikuonekana katika vipimo. Bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945 lilikuwa na kilo 6 hivi tu, na wasomaji hawakuhitaji kufundishwa kugawanya. Wenye kituo walijibu kwamba hakuna kilichoibwa. Upungufu ule, walisema, ulikuwa wa karatasini, na tarakimu za plutoni hazijawahi kulingana sawasawa mwaka wowote.

Walisema kweli. Ila siku hizohizo, hapohapo Sellafield, ndani ya chumba cha zege ambacho binadamu hawezi kuingia, asidi yenye urani na plutoni ilikuwa ikimwagika sakafuni kutoka kwenye bomba lililokatika, na hakuna aliyekuwa na habari. Ilipokuja kuonekana mwezi Aprili ilikuwa imefika lita 83,000. Ndani yake mlikuwa na urani tani 20 hivi na plutoni kilo 160. Waliostuka wa kwanza walikuwa watu wa leja.

Ilikuwaje mhasibu akatangulia king'ora?

Plutoni haichimbwi kama dhahabu. Huzaliwa ndani ya kinu cha nyuklia, pale urani-238 inapomeza nyutroni na, baada ya siku chache za kubadilika, kuwa plutoni-239. Fito za mafuta zikishakaa kinuni miaka kadhaa, takriban asilimia 1 ya mafuta hayo huwa imegeuka plutoni. Fito zina namba, na kuzihesabu ni kazi ya macho. Kinshasa ilipopoteza fito za urani za kinu chake cha utafiti katika miaka ya 1970, hapakuwa na ubishi kama zimepotea. Swali lilikuwa zimekwenda wapi, hadi moja ikanaswa Italia mwaka 1998.

Mambo hubadilika fito zinapokatwakatwa na kutumbukizwa katika asidi ya nitriki yenye moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya THORP, kiwanda cha Sellafield kilichoanza kazi mwaka 1994 kuchakata mafuta yaliyotumika ya vinu vya Uingereza na vya wateja wa ng'ambo, wakiwamo Japani na Ujerumani. Ndani ya asidi hakuna tena cha kuhesabu kwa kidole. Kuna ujazo, kuna uzito, kuna majibu ya maabara, na kila kimoja kina kosa lake dogo. Mwenye mashine ya kusaga ataelewa haraka. Mahindi yamepimwa yakiingia, unga na pumba vimepimwa vikitoka, na jumla haifiki. Unga mwingine umeganda kooni mwa mashine, mwingine umepaa ukatua juu ya kenchi, mahindi yamepoteza unyevu, na mizani ina tabia zake. Mwenye mashine mwenye busara hamkamati kijana wake shati siku ya kwanza. Hutaka kwanza kujua mashine yake kwa kawaida inakula kiasi gani.

Kanuni yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua kilichokuwapo mwanzo wa kipindi, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka, kisha nenda ukapime kilichopo. Tofauti kati ya kitabu na kipimo ndiyo zile kilo 30 za magazeti. Huweza kuwa upungufu, na huweza kuwa ziada, ingawa sijapata kuona gazeti likipiga kelele kwa sababu plutoni imezidi. Kiwanda kinacholeta sifuri kila mwaka hakimpi faraja mkaguzi mzoefu. Vipimo vya kweli havinyooki hivyo, na huenda kuna mtu anapika hesabu.

Plutoni hupimwa kwa kutumia tabia zake yenyewe. Ikiwa ndani ya asidi, tangi hupimwa uzito, kisha tone la sampuli hupelekwa maabara na kuchanganywa na kiasi kinachojulikana cha isotopu ngeni. Uwiano wa atomi za aina hizo mbili ndio unaosema plutoni iliyomo ni kiasi gani. Ikiwa unga ndani ya mkebe uliofungwa, hakuna haja ya kuufungua, maana plutoni hutoa joto usiku na mchana, wati 2 hivi kwa kila kilo ya plutoni-239, na kifaa kinachopima joto kwa makini kinaweza kuusoma mkebe mzima. Plutoni-240 nayo hupasuka yenyewe pasipo kuchokozwa na kurusha nyutroni mbili au zaidi kwa mpigo. Vihisi vikizungushwa kwenye pipa vinaweza kuzitambua hizo zinazofika pamoja na kuzitenga na zile zinazozurura peke yake. Kwa njia hiyo hata pipa la glavu chakavu na matambara hukadiriwa, ijapokuwa kwa kosa kubwa kuliko la mkebe safi.

Kuna pia plutoni inayopungua bila mkono wa mtu kuigusa. Plutoni-241, ambayo si haba katika mafuta ya vinu vya umeme, hupoteza nusu yake kila miaka 14 na ushei na kuwa ameriki, elementi iliyomo katika baadhi ya vifaa vya kung'amua moshi. Mkebe uliofungwa kwa lakiri na kuachwa rafuni unapaswa kupunguziwa kitabuni kila mwaka. Ameriki nayo hutoa miale ya gama, kwa hiyo plutoni iliyokaa muda mrefu humpa mfanyakazi mionzi mingi kuliko ile mpya. Leja iliyoandikwa vizuri humwonyesha mkuu wa usalama mikebe ya kukingwa zaidi kabla kifaa cha kupima mionzi hakijawashwa.

Sehemu kubwa ya kinachoitwa upotevu huwa haijatoka kiwandani. Rocky Flats, karibu na Denver katika jimbo la Colorado, ilitengeneza vipande vya plutoni vya mabomu ya Marekani kuanzia 1952 hadi 1989. Kazi iliposimama, ikabainika kwamba kilo 28 hivi zilikuwa zimelala ndani ya mabomba ya kupitishia hewa. Mwaka 1996 Wizara ya Nishati ya Marekani ilifungua vitabu vyake vya nusu karne. Kati ya tani 111.4 za plutoni zilizozalishwa au kupatikana, tani 2.8 hazikulingana, na tani 1.2 kati ya hizo zilikuwa za Rocky Flats peke yake. Japani ilipitia hayohayo huko Tokai. Mwaka 1994 ilifahamika kwamba kilo 70 hivi zilikuwa zimenata kama vumbi ndani ya makasha yaliyofungwa ambamo wafanyakazi huingiza mikono kwa glavu nene. Kisha mwaka 2003 kiwanda cha kuchakata mafuta cha hukohuko Tokai kikakiri pengo la kilo 206 lililojikusanya katika robo karne. Baada ya kupiga hesabu upya, wakitoa iliyokwenda na taka na ile iliyojigeuza yenyewe, walibaki na kilo 59.

Hapa ndipo afya inapoingia. Plutoni ikiwa juu ya ngozi haina makali sana, kwa kuwa chembe zake za alfa huzuiwa hata na karatasi. Ikivutwa kama vumbi ni habari nyingine. Hukaa mapafuni, sehemu yake huingia kwenye damu na kuhamia ini na mifupa, na humo hubaki miaka mingi ikipiga seli zilizo jirani. Vumbi lisilojulikana liliko ni vumbi ambalo siku moja fundi atafungua bomba akutane nalo uso kwa uso.

Hatari ya pili ni ya ghafla zaidi. Plutoni ya kutosha ikikusanyika mahali pamoja, kwa umbo linalofaa, huanza mfululizo wa mipasuko bila onyo. Tarehe 30 Desemba 1958, katika maabara ya Los Alamos huko New Mexico, mtiririko wa kawaida wa kazi ulikuwa umesimamishwa ili kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka. Vyombo vilikuwa vinamwagwa na kusafishwa ili mabaki yake yajulikane. Masalia yaliyotakiwa kushughulikiwa kila moja kivyake yalisukumwa katika tangi moja kubwa, ambalo kwa kawaida lilibeba plutoni kidogo mno. Safari hii, tabaka la kimiminika lililoelea juu lilikuwa na zaidi ya kilo 3. Cecil Kelley, fundi wa miaka 38, aliwasha kichanganyio. Tabaka lile likasogea, likanenepa katikati, na kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho tangi likawa kinu cha nyuklia. Kelley alifariki baada ya saa 36 hivi. Msiba huo unasimuliwa mara nyingi kama somo la mionzi, lakini mimi nausoma pia kama somo la stoo. Hakuna aliyejua ndani ya tangi mna nini, na kazi iliyokuwa ikifanyika ilikuwa ya kutafuta kujua.

Walinzi wa dunia wanaijua shida hii ya tarakimu. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, huchukua kilo 8 za plutoni kuwa kiasi ambacho mtu akikipata, uwezekano wa kutengeneza bomu hauwezi kuondolewa. Sasa fikiria kiwanda kinachochakata tani 800 za mafuta kwa mwaka, kama kile ambacho Japani imekuwa ikihangaika kukikamilisha huko Rokkasho tangu 1993. Kwa asilimia 1, plutoni yake ni tani 8 hivi kila mwaka. Kosa la kupima la asilimia 1 tu ni kilo 80, mara kumi ya kiasi kinachoogopwa. Ndiyo maana wakaguzi hawategemei leja peke yake. Wana kamera, lakiri na vihisi vya kwao, na huhesabu kwa vipindi vifupi ili kosa lisipate muda wa kukua.

Kwa hiyo maneno "ni tofauti ya karatasini tu" ni ya kweli, na kwa maoni yangu ndiyo maneno ya hatari kuliko yote kiwandani. Yaliyotokea THORP yanaonyesha kwa nini. Matangi yake ya mwanzo yaliwekwa mahususi kwa ajili ya uhasibu, na yalining'inizwa kwa fito ili mizani iweze kuyapima uzito. Tangi linaloning'inia huyumba. Muundo wa awali ulikuwa na vizuizi vya kupunguza mwendo huo, lakini baadaye vikaachwa, na kila mchanganyo uliotikisa tangi ulikunja kidogo bomba la kuingizia lililokuwa juu yake. Chuma kikachoka. Kilianza kupasuka yumkini mwaka 2004, na kufikia Januari 2005 kilikuwa kimekatika kabisa. Mizani iliyoletwa kuilinda plutoni ndiyo iliyoipotezea njia.

Kifaa cha kuonyesha kina cha kimiminika sakafuni hakikuaminika, na sampuli zilizokuwa na dalili hazikufuatiliwa. Uchunguzi wa baadaye ulitaja mazoea ya kudhani kwamba kiwanda kipya hakiwezi kuvuja. Kilichobaki ni hesabu moja, ile inayolinganisha kiasi ambacho mwenye kinu anasema amekipeleka na kiasi ambacho tangi la THORP limekipima. Shehena baada ya shehena, pengo lilikuwa upande uleule na likizidi kupanuka. Kosa la vipimo huyumba, leo juu, kesho chini. Linaloelekea upande mmoja bila kurudi lina sababu. Walipoingiza kamera ndani ya chumba waliiona sababu hiyo sakafuni.

Hakuna aliyeumia wala kilichotoka nje. Chumba kilikuwa na sakafu ya chuma kisichoshika kutu, iliyojengwa kwa ajili ya siku kama ile, na kilichomwagika kikarudishwa kwenye matangi. Ukigawanya utaona kwamba plutoni ilikuwa gramu 2 hivi kwa lita, chini ya gramu 7 hivi kwa lita, kiwango ambapo balaa kama la Los Alamos lingeanza kuwezekana. Mahakama ya Carlisle iliitoza kampuni iliyoendesha kiwanda hicho faini ya pauni 500,000 mwezi Oktoba 2006.

THORP ilifungwa Novemba 2018. Uingereza imebaki na takriban tani 140 za plutoni ya kiraia, karibu yote Sellafield, ndani ya mikebe yenye namba, na kwa sasa kuihesabu kumerudi kuwa kazi ya macho na lakiri. Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba haitageuzwa mafuta ya vinu, bali itagandishwa katika umbo gumu na kuzikwa chini sana ardhini. Kazi hiyo itachukua miongo, na haifanyiki bila kufungua mikebe. Unga utapita tena kwenye mashine, mwingine utanata kwenye kuta za makasha, na wahasibu watarudi kuulizana pengo la mwaka huu limeelekea upande gani.